Kana Mkononi: Barua za Wasomaji Kuhusu Mashua na Maji ya Uingereza

Mwezi uliopita niliandika mistari michache kuhusu siku zangu za kufungua malango ya maji, yaani vile vyumba vya kupandishia na kushushia mashua mferejini, pale Tardebigge, nikadhani mada imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyowahi kupata, nami nimechagua tano. Kwa aliyefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: niliendesha basi Birmingham miaka 23, nikastaafu, na sasa Jumanne na Ijumaa, kuanzia Aprili hadi Oktoba, ni mhudumu wa kujitolea kwenye mfereji unaounganisha Birmingham na Worcester.

*Shikamoo Mzee. Nafanya kazi ghalani. Mwenzangu mmoja, Mwingereza, mshahara wake na wangu ni ule ule, ana mashua. Kila Jumamosi anakwenda kuisugua na kuipaka rangi, anachemsha chai humo ndani, Jumapili jioni anarudi. Mara nyingi haiendi popote. Mvua inanyesha, baridi inauma. Hawa watu wanapenda nini kwenye maji? Au ni fahari tu?*
Mpakia mizigo, Leicester

Marahaba, mwanangu. Sikulaumu kwa kuwaza fahari, maana hata mimi niliwaza hivyo kwa miaka. Basi langu lilipita juu ya daraja la mfereji mara nane kwa siku, na chini niliwaona watu wazima wakienda polepole, mmoja kashika kikombe, mwingine kashika kana, ule mkono wa usukani, mbwa amejilaza juu ya paa. Nikasema hao wana hela na hawana kazi. Yote mawili hayakuwa kweli.

Tazama ramani kwanza. Hiki ni kisiwa. Kijiji kinachotajwa kuwa mbali na bahari kuliko vyote ni Coton in the Elms, huko Derbyshire, si mbali na ulipo wewe, na kutoka hapo hadi maji ya chumvi ni kilomita 113 tu. Mtu wa ndani kabisa ya nchi hii anaweza kuamka, akaenda kuiona bahari, na akarudi kulala kwake. Na kabla hajaifikia amevuka mito na mifereji kadhaa njiani.

Ni kweli kwamba mashua za starehe zilianzia kwa wafalme. Mwaka 1660 mji wa Amsterdam ulimzawadia Charles wa Pili mashua iliyoitwa Mary. Mwaka uliofuata akashindana na ndugu yake James kwenye mto Thames, kutoka Greenwich hadi Gravesend na kurudi, wakiwekeana dau la pauni 100. Mashindano ya Cowes, kwenye kisiwa cha Wight, yalianza 1826 na mpaka leo wakubwa huenda kuonekana huko. Lakini mwenzako wa ghalani hakutokea Cowes. Yeye ametokea mferejini, na habari ya mfereji ndiyo ninayotaka uijue.

Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa Bridgewater kupeleka makaa ya mawe kutoka machimbo ya Worsley hadi Manchester. Fundi wake mkuu alikuwa James Brindley. Bei ya makaa mjini ikashuka, na kila mwenye kiwanda akataka mfereji upite mlangoni kwake. Wakachimba kwa sepetu na toroli, kaunti baada ya kaunti. Huku Midlands, katikati ya England, malango mengi yalijengwa kwa upana wa futi 7 tu ili kuokoa gharama na maji, ndiyo maana mashua zetu ni nyembamba na ndefu. Zilivutwa na farasi. Baadaye familia nzima zikahamia humo, baba, mama na watoto katika kijumba kidogo cha tezi, yaani nyuma ya mashua, mizigo imejaza kwingine kote. Kisha ikaja reli, kisha malori. Baridi kali ya 1962 na 1963 ilipogandisha mifereji wiki hadi wiki, wateja wachache waliokuwa wamebaki wakahamia barabarani na hawakurudi.

Mifereji ilikuwa mali ya umma tangu 1948, na mingi iliachwa ijae matope, matairi na magodoro. Waliokataa ife ni watu wa kawaida. Tom Rolt, fundi mitambo, aliishi kwenye mashua yake Cressy, na wakati wa vita aliifunga hapa hapa Tardebigge, juu kabisa ya ngazi ya malango. Mwaka 1944 alichapisha kitabu kuhusu safari zake. Robert Aickman wa London alikisoma, akamwandikia, na 1945 akaja kumtembelea mashuani. Mwaka uliofuata wakaanzisha chama cha kutetea mifereji, Inland Waterways Association. Kuna kumbukumbu ya mkutano ule karibu na lango la juu. Kila Jumanne napita hapo nikiwa na mkono wa chuma wa kuzungushia vizibo vinavyopitisha maji langoni, na kila Jumanne nasimama kidogo. Watu wawili walizungumza katika chumba chembamba, na leo mimi nina pa kwenda.

Baada ya hapo ikawa kazi ya matope. Watu wa maofisini na mashuleni walikuja Jumamosi na sepetu. Sehemu ya kusini ya mfereji wa Stratford, ambayo wakubwa walitaka kuifunga kabisa, ilifufuliwa na watu wa kujitolea, wanajeshi, na wafungwa waliotolewa gerezani kuja kusaidia. Mama yake Malkia Elizabeth akaifungua Julai 1964. Sheria ya uchukuzi ya 1968, iliyoandaliwa na Waziri Barbara Castle, ilikubali kwamba mfereji unaweza kutunzwa kwa ajili ya starehe ya watu, hata kama haupitishi tena mzigo. Mfereji wa Kennet na Avon ulifunguliwa upya 1990, ule mwembamba wa Huddersfield 2001. Tangu 2012 shirika la hisani la Canal & River Trust linatunza karibu kilomita 3,200 za mifereji na mito ya England na Wales, na mashua zilizomo ni zaidi ya 30,000, nyingi kuliko zama za makaa ya mawe.

Baharini nako mlango ulifunguliwa kwa namna yake. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror lilidhamini mashua ndogo ya tanga jekundu, iliyobuniwa na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, fundi aliyekuwa akionekana kwenye televisheni akiwafundisha watu kutengeneza nyumba zao. Iliuzwa ikiwa vipande vya mbao nyembamba. Mnunuzi alivishona kwa waya wa shaba, akaziba maungio kwa utepe na gundi, na kazi hiyo aliifanya gereji au hata sebuleni bila kuwa seremala. Bei ilikuwa pauni 63 na shilingi 11. Zaidi ya 70,000 zimejengwa. Mfanyakazi wa kiwandani aliyekuwa akiitazama bahari kutoka ufukweni akapata chombo chake, tena alichokitengeneza mwenyewe na wanawe.

Umeniuliza pia kwa nini mashua ya mwenzako haiendi popote. Mwanangu, wewe kwenye ghala unahesabiwa dakika. Mimi kwenye basi nilihesabiwa dakika. Nikichelewa kituo kimoja, abiria wananuna, msimamizi anapiga simu. Mwendo wa juu kabisa kwenye mfereji ni maili 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, na huwezi kuuzidisha hata ukitaka, kwa sababu mawimbi yako yatabomoa kingo na kuzitikisa mashua zilizofungwa. Nilipopanda mara ya kwanza, na ni mwenzangu wa karakana ya mabasi aliyenichukua, mabega yangu yalishuka kabla hatujafika lango la pili. Niliyasikia yakishuka. Kuanzia siku ile sijamuuliza mtu kwa nini anasugua mashua. Muulize mwenzako kama anataka mtu wa kushika brashi ya pili.

*Mzee wangu, salaam. Shule ya binti yangu, miaka 11, inawapeleka watoto kujifunza mashua za matanga. Nina hofu. Hajui kuogelea vizuri, bahari ya hapa ni baridi, na sisi ni watu wa stara, sijui atavaa nini. Tena naona kama ni mambo ya watoto wa matajiri, atajisikia mgeni. Nimkatalie?*
Mama wa binti, Portsmouth

Dada yangu, usimkatalie. Ila hofu yako usiitupe, itumie.

Nianze na baridi, maana ndiyo inayoua watu hapa kuliko mawimbi. Wastani wa joto la bahari ya Uingereza kwa mwaka ni kama nyuzi 12. Mwili ukitumbukia ghafla kwenye maji ya chini ya nyuzi 15, pumzi inakatika, unavuta hewa kwa nguvu bila kutaka, na mdomo ukiwa majini unavuta maji. Najua kwa sababu yalinipata. Ilikuwa Februari, nilikanyaga barafu ukingoni mwa mfereji nikateleza. Maji yenyewe yalinifika kifuani tu, miguu ilikuwa chini, na bado kwa muda nilishindwa kuita. Mimi niliyekulia kando ya bahari, niliyeogelea kabla ya kujua kusoma, nilishindwa kusema "nisaidieni". Kwa hiyo kujua kuogelea peke yake si kinga.

Mfundishe leo, nyumbani, jambo ambalo RNLI, shirika la hisani la waokoaji wa baharini, huwafundisha watoto wa nchi nzima: ukianguka majini, usipigane nayo. Lala chali, rudisha kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, tanua mikono, pumua. Ule mshtuko hupita ndani ya dakika moja au moja na nusu. Baada ya hapo ndipo uite au uogelee. Mpeleke bwawani afanye mara kumi. Mtaala wa shule za msingi za England unataka kila mtoto aweze kuogelea mita 25 kabla ya kumaliza darasa la sita, basi kama amepita bila kuweza, mwambie mwalimu wazi na umtafutie masomo ya nyongeza.

Kuhusu usalama huko, watoto hawapelekwi katikati ya Solent, ule mkono wa bahari kati ya kwenu na kisiwa cha Wight. Maji yale ni magumu hata kwa wazoefu: meli kubwa zinapita, mkondo ni mkali, na kule Southampton maji yakijaa hukawia, yanajaa mara ya pili kabla ya kupwa. Wanaoanza hufundishwa ziwani au ndani ya bandari iliyokingwa, wakifuatwa na boti ya injini ya walimu. Mashua ya watoto wadogo huitwa Optimist, ina urefu wa mita 2.3 hivi, na mwanzoni kabisa watoto hufundishwa kuipindua makusudi na kuiinua tena, ili siku ikipinduka yenyewe wasishtuke. Ben Ainslie, aliyekuja kupata dhahabu nne za Olimpiki, alianza na kijimashua hicho hicho akiwa na miaka minane.

Nenda ukaulize wewe mwenyewe, usitume mtu. Je, walimu wana vyeti vya RYA, chama cha mashua kilichoanzishwa 1875? Mwalimu mmoja anaangalia watoto wangapi? Boti ya walimu iko majini muda wote au imefungwa gatini? Na umtazame binti anavyovalishwa. Kuna vazi la kuelea, ambalo humsaidia mtu mwenye fahamu na anayejua kuogelea kiasi, na kuna jaketi okozi lenyewe, ambalo limeundwa kumgeuza hata aliyezimia, uso ukae juu. Kwenye mashua ndogo za mafunzo watu wengi huvaa la kwanza kwa sababu linaruhusu kusogea. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, sema hivyo mbele ya mwalimu na uulize atavaa lipi. Limkae vizuri, lisipande shingoni ukilivuta mabegani.

Stara ndiyo iliyo rahisi kuliko yote. Wote, wavulana kwa wasichana, huvaa suti ya mpira toka shingoni hadi vifundoni, na juu yake anaweza kuongeza shati refu na kaptula pana. Kilemba cha kuogelea kinachobana kinatosha kichwani, pasiwe na ncha ya kitambaa inayoning'inia ikanasa kamba.

Na hilo la utajiri. Ellen MacArthur alizaliwa Derbyshire, mbali na bahari, wazazi wake walimu. Alijinyima, akaweka hela ya chakula cha mchana ya shuleni kwa miaka akanunua mashua yake ya kwanza. Februari 2005, akiwa na miaka 28, alimaliza kuizunguka dunia peke yake bila kutua, siku 71 na saa 14, haraka kuliko mtu yeyote kabla yake. Hannah Mills wa Cardiff ana medali mbili za dhahabu na moja ya fedha za Olimpiki kwenye matanga. Mwambie binti yako majina hayo mawili. Gharama ziko, sitakuficha, lakini klabu nyingi zina mashua za kuazima na nafasi za watoto kwa bei nafuu, na hawazitangazi sana, inabidi uulize. Atajisikia mgeni siku ya kwanza. Siku ya pili atakuwa na mwenzake wa kamba.

*Mjomba, kodi ya chumba London inanimaliza. Jamaa ameniambia ukinunua mashua unaishi bure mferejini, unahama hama tu. Ni kweli? Nina akiba kidogo.*
Kijana, Tottenham

Mpwa wangu, bure haipo. Watu wanaoishi majini kwa furaha nawafahamu wengi. Waliokwenda huko kukimbia kodi peke yake, wengi wameuza ndani ya baridi ya kwanza.

Mashua lazima iwe na leseni, bima, na cheti cha usalama kinachodumu miaka minne. Usipokuwa na maegesho ya kudumu, sheria ya 1995 inakutaka uwe safarini kweli kweli: mahali pamoja si zaidi ya siku 14, na kuzunguka kati ya vituo viwili vya jirani kila baada ya wiki mbili hakuhesabiwi kuwa safari. Tangu 2024 wasio na maegesho hulipa leseni ya juu zaidi. Kama kazi yako iko Tottenham, piga hesabu ya siku utakazokuwa umefunga mbali na kituo cha treni, giza limeingia saa kumi jioni, na njia ya mfereji haina taa.

Halafu kazi za kila siku. Maji unayajaza kwa mpira kwenye vituo, ukisubiri foleni. Choo unakibeba wewe mwenyewe kwenda kukimwaga. Gesi unanunua kwenye mitungi, kuni na makaa unabeba. Kila baada ya miaka miwili mitatu mashua inatolewa majini ipakwe lami chini. Jiko la makaa linaua kimya kimya, kwa hiyo kengele ya kugundua hewa ya sumu ni lazima tangu 2019, na usiinunue ya bei ya chini. Majira ya baridi malango hufungwa kwa matengenezo na unaweza kukwama upande mmoja. Kwenye Regent's Canal na mto Lee utafunga mashua ubavuni mwa mashua ya mtu mwingine, na kila ukitoka unapita juu ya sitaha yake.

Kama bado unataka, usinunue kwanza. Omba ulale wiki moja kwenye mashua ya huyo jamaa yako mwezi Januari. Ukitoka hapo ungali unataka, mlipe mkaguzi huru aipime chombo ikiwa nje ya maji kabla hujatoa hata pauni moja ya akiba yako, maana chuma kilicholika huwezi kukiona kwa juu. Mimi binafsi nimezuia vijana wawili wasinunue chuma kilichooza, na wote wawili walikuwa tayari wameshikana mikono na muuzaji.

*Nimenunua ubao wa kupuliza ule wa kusimama na kupiga kasia. Nahitaji leseni? Na rafiki yangu ana pikipiki ya maji, tunataka kwenda Windermere.*
Mpenda kiangazi, Preston

Baharini hapana. Kwenye mifereji ya Canal & River Trust na kwenye Thames kuanzia Teddington kwenda juu, ndiyo, na uanachama wa Paddle UK, chama cha wapiga kasia, unajumuisha leseni hiyo, wengi hupitia njia hiyo. Scotland sheria ya 2003 imewapa watu haki ya kupita kwenye maziwa na mito kwa chombo kisicho na injini, mradi wawe waangalifu.

Leseni ndiyo ndogo. Kubwa ni upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Ufukweni maji yanakuwa laini kama kioo kwa sababu majumba na vilima vinakukinga, ukisogea mita mia unaupata wote mgongoni, na ubao wa kupuliza hugeuka tanga. Siku hiyo usiingie. Baharini jifunge kamba ya ubao mguuni, usiuachie ubao. Kwenye mto unaokwenda kasi ni kinyume: kamba ya mguuni ikinasa kwenye mti inakuzamisha, kwa hiyo vaa ile ya kiunoni inayofunguka kwa kuvuta mara moja. Simu iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, mwilini, si kwenye begi. Ukizidiwa, piga 999 na useme Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Watakaokufuata huenda wakawa RNLI, ambao tangu 1824 wameokoa zaidi ya watu 140,000, na walio wengi mashuani mwao ni watu wa kujitolea waliokuwa wanakula chakula cha jioni nyumbani kengele ilipolia.

Pikipiki ya maji Windermere, mwambie rafiki yako asihangaike. Tangu 2005 mwendo wa juu kabisa kwenye ziwa lile ni noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, na haitampa anachokitaka. Na popote atakapokwenda ajue kwamba tangu 2023 kuiendesha ovyo na kuhatarisha watu kunaweza kumfunga hadi miaka miwili.

*Babu, mimi na mume wangu tunatimiza miaka 30 ya ndoa. Watoto wanataka kutukodia mashua ya mfereji kwa wiki moja. Mimi ni muuguzi, yeye ni fundi umeme, hatujawahi kushika hata kasia. Tutaiweza? Na hayo malango yanafanyaje kazi?*
Bibi arusi wa zamani, Wolverhampton

Hongereni sana, mwanangu, wewe na bwana wako. Mtaiweza. Huhitaji leseni yako binafsi kuikodi, na wenyewe watawaonyesha kabla ya kuwaachia. Sikiliza maelezo yale hata kama yanachosha, na mwombeni aliyewakodisha apande nanyi hadi lango la kwanza.

Nyumbani kwako Wolverhampton pana malango 21 mfululizo, na kwetu Tardebigge yako 30, mengi kuliko popote nchini. Msianzie huko. Nendeni mfereji wa Llangollen, ambako mtapita juu ya daraja la Pontcysyllte alilojenga Thomas Telford na wenzake, lililofunguliwa 1805: mashua inaelea ndani ya hodhi la chuma mita 38 juu ya mto, upande mmoja pana njia ya miguu yenye uzio, upande wa pili hakuna kitu. Ama nendeni Monmouthshire na Brecon huko Wales, maili 35 na malango sita tu, milima imewazunguka. Ningekuwa mimi na mke wangu, ningechagua huo wa pili. Hesabu ya safari ni hii: jumlisha maili na malango, gawanya kwa tatu, utapata saa. Maili tisa na malango sita ni saa tano. Msipange zaidi ya hapo kwa siku.

Kana inakwenda kinyume: ukiisukuma kushoto, omo, yaani mbele ya mashua, inakwenda kulia. Mashua haina breki, unarudisha injini nyuma na kungoja. Itazungukia katikati yake, si mbele kama gari, kwa hiyo tazama tezi yako inapogonga. Dereva wa gari huchukua saa moja kuzoea, mimi wa basi nilichukua mchana mzima.

Lango ni chumba cha mawe chenye milango ya mbao pande mbili. Mnaingia, mnafunga nyuma. Kwa mkono wa chuma unafungua vizibo chini ya milango ya mbele, maji yanaingia au yanatoka yenyewe kwa uzito wake, hakuna pampu. Maji ya ndani na ya nje yakilingana, mlango unasukumika kwa mgongo. Kabla ya hapo hata watu kumi hawausogezi, msijiumize. Mmoja akae kwenye kana, mwingine awe ukutani, na aliye ukutani asifungue kizibo mpaka aliye kwenye kana ameinua mkono. Mkono wa chuma usiachwe kwenye kizibo, ukiachiwa unazunguka na kuvunja taya.

Na hili nalisema kwa kila mashua inayoshuka kwangu, hata kama nahodha ana mvi kuliko mimi. Nyuma, chini ya mlango wa juu, pana kizingiti cha mawe ambacho hakionekani maji yakiwa yamejaa. Ukutani pamechorwa mstari mweupe kuonyesha kinapoishia. Mkishuka, tezi yenu iwe mbele ya mstari ule muda wote. Ikikalia kizingiti, maji yanaondoka chini ya omo, mashua inaning'inia kwa nyuma na kuingiza maji, na inazama ndani ya dakika chache. Mkiona tezi imekaa, msikimbilie kuisukuma. Aliye ukutani afunge vizibo vya mlango wa chini mara moja, kisha afungue vya mlango wa juu taratibu ili maji yarudi na mashua iinuke. Mwambie bwana wako alisome jambo hili mara mbili, kwa kuwa yeye ndiye, naamini, atakayeshika kana siku ya kwanza. Siku ya pili mnyang'anye.